Sauti Iliyoijenga Timu: Lakers na Watangazaji Wao

Katika mihadhara ya michezo tumezoea kumjadili mchezaji, kisha kocha, kisha mwamuzi. Mtangazaji, ambaye kazi yake ni kuwataja wenzake mechi nzima, ni nadra kutajwa.

Kusudi langu ni moja. Nataka kuonyesha, kwa mfano wa timu moja ya kulipwa ya Marekani, Los Angeles Lakers, kwamba mtangazaji ni mmoja wa walioijenga timu, sawasawa na mfungaji, na kwamba pale sauti yake ilipokosekana, historia yenyewe ilibaki na pengo. Nina hoja nne. Hazilingani urefu. Ya pili ndiyo itakayokula muda wetu mwingi, naomba mnivumilie.

Hoja ya kwanza: timu hununuliwa kwa fedha, lakini mji huipokea kwa masikio

Lakers hawakuzaliwa Los Angeles. Mwaka 1947 wafanyabiashara wa Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, waliinunua timu iliyokuwa hoi ya Detroit Gems kwa dola 15,000. Minnesota ni jimbo la maziwa mengi, na jina la timu likatokana na maziwa hayo. Wakampata George Mikan, mtu wa futi 6 na inchi 10 aliyecheza akiwa amevaa miwani, na pamoja naye wakatwaa ubingwa mwaka 1949, 1950, 1952, 1953 na 1954. Redioni sauti yao ilikuwa ya Dick Enroth.

Sasa ngoja niwape mechi moja ya enzi hizo. Tarehe 22 Novemba 1950, Fort Wayne Pistons walikwenda Minneapolis wakijua hawamwezi Mikan. Wakaamua kuukalia mpira. Wakaushika, wakapasiana, wakasimama nao, dakika baada ya dakika, bila kurusha. Mechi ikaisha 19 kwa 18, Pistons wakashinda, na kati ya pointi 18 za Lakers, Mikan alikuwa amefunga 15. Hebu mfikirieni mtangazaji wa redio usiku kama ule. Atasema nini? Mpira uko hapo hapo ulipokuwa.

Mwaka 1954, kwa msukumo wa Danny Biasone, mmiliki wa Syracuse Nationals, ligi yao, NBA, ilileta saa ya sekunde 24: timu ikipata mpira, lazima irushe kabla muda huo haujakwisha. Kwa kawaida kanuni hii huelezwa kuwa dawa ya watazamaji waliochoka. Mimi naiona vilevile kuwa siku redio ilipopata mchezo unaotangazika. Kila sekunde 24 kuna jambo la kusema, na kabla hujamaliza kulisema limekuja jingine.

Baada ya Mikan, Minneapolis ilipoa. Elgin Baylor alikuja mwaka 1958 na uchezaji wake wa kuruka angani, lakini viti viliendelea kuwa vitupu. Januari 1960 ndege iliyowabeba wachezaji ilipoteza umeme katika dhoruba ya theluji, rubani akaishusha katika shamba la mahindi karibu na mji wa Carroll, Iowa, na wote wakatoka salama. Mwaka huo huo mmiliki, Bob Short, akaihamishia timu Los Angeles. Huko akaongezeka kijana Jerry West. Kwa hiyo timu ilikuwa na Baylor na West, wawili kati ya wachezaji bora waliopata kuugusa mpira huu, na bado ukumbi wa Memorial Sports Arena haukujaa. Mji haukuwajua.

Jirani yao kulikuwa na somo. Timu ya besiboli ya Dodgers ilikuwa imehamia Los Angeles mwaka 1958 pamoja na mtangazaji wake Vin Scully, na mashabiki walikuwa wakiingia uwanjani na redio ndogo za transista ili wamsikilize Scully akiwaeleza kile walichokuwa wakikitazama kwa macho yao wenyewe. Machi 1961, Lakers wakiwa St. Louis katika mechi za mchujo dhidi ya Hawks, Short alimpigia simu mtangazaji mmoja wa Los Angeles akamwomba aende kutangaza mechi ya tano. Alikwenda. Timu iliporudi nyumbani kwa mechi ya sita, ukumbi ulifurika. Lakers walishindwa katika mechi ya saba, lakini kuanzia wiki ile walikuwa na mji.

Hoja ya pili: namna ya kutangaza ni sehemu ya namna ya kucheza

Mtangazaji huyo ni Chick Hearn. Alizaliwa mwaka 1916 Aurora, Illinois, akajijengea jina katika mji wa Peoria akitangaza michezo ya Chuo Kikuu cha Bradley, kisha akahamia Los Angeles na kutangaza ya Chuo Kikuu cha Southern California. Alipoanza na Lakers alikuwa mtu mzima wa miaka 44. Alibaki nao hadi kifo chake, Agosti 2002.

Tuanze na uvumilivu wake wa kazi. Novemba 1965 hali mbaya ya hewa ilimkwamisha Fayetteville, Arkansas, alikokuwa amekwenda kutangaza mpira wa miguu wa Kimarekani, akaikosa mechi moja ya Lakers. Mechi iliyofuata alikuwepo, tarehe 21 Novemba. Hakukosa tena hadi Desemba 2001, alipofanyiwa upasuaji wa moyo. Katikati hapo ni mechi 3,338 mfululizo. Miaka 36 bila mafua ya kumlaza kitandani, bila ndege iliyochelewa, bila sauti kukauka siku ya kazi. Vijana, idadi ya mechi naitaja kwa sababu ina maana ya kihistoria: mtoto aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1965 alikua, akasoma, akaoa, akapata watoto, na katika muda wote huo kila mechi ya Lakers ilimfikia kwa sauti ya mtu mmoja. Wachezaji walikuja na kuondoka. Makocha walifukuzwa. Wamiliki waliuza. Sauti ilibaki.

Lakini kudumu peke yake hakutoshi. Tuitazame kazi yenyewe.

Hearn alitangaza redio na televisheni kwa wakati mmoja, maneno yale yale kwa vyombo vyote viwili. Watu wa kazi hii watakuambia kwamba hilo ni gumu mno, kwa sababu wa televisheni anaona na wa redio haoni. Ukimridhisha mmoja unamchosha mwingine. Yeye aliamua kumtumikia asiyeona. Alikaa juu, mbali na mstari, upande wa magharibi wa uwanja, akaona sakafu yote. Kutoka pale alisema mpira uko mkononi mwa nani, unapigwa chini kwa mkono upi, unakwenda kushoto au kulia mwa redio ya msikilizaji, nani amemkaba mchukuzi, mrushaji yuko futi ngapi kutoka kwenye pete, saa inasoma ngapi. Alisema kwa kasi ya ajabu, na bado kila neno lilisikika. Mtazamaji wa televisheni hakuchoka, kwa kuwa Hearn alimwonyesha vitu ambavyo macho yake yalivipita.

Wakubwa mliomo humu mliokua mkisikiliza Simba na Yanga kupitia Radio Tanzania, enzi za akina Ahmed Jongo na Charles Hilary, mnakijua ninachokisema. Mlikuwa mnauona uwanja wa Taifa mkiwa Songea, mkiwa Bukoba.

Sasa utazame mchezo wenyewe ulivyojibu. Miaka ya 1980, wakiongozwa na mchezaji Magic Johnson, Lakers walicheza mpira wa kukimbia: mpira ukidondoka kutoka kwenye ubao, pasi mbili, tatu, mtu yuko angani. Mchezo wa namna hiyo ulihitaji ulimi wa kuufuata, na Los Angeles ilikuwa nao tayari kwa miaka 20. Maneno mengi ambayo Wamarekani hutumia hadi leo kuutaja mpira wa kikapu, likiwemo lile la kuupigiza mpira ndani ya pete kwa nguvu, yalienezwa na kinywa chake. Na alipoona mpinzani hawezi tena kurudi mchezoni, aliwatangazia wasikilizaji kwamba mechi imeshawekwa kwenye jokofu: mlango umefungwa, taa imezimika, mayai yanapoa, siagi inaganda, na jeli inatetemeka. Watoto wa mji walingoja sentensi hiyo kama walivyongoja filimbi ya mwisho. Kocha wa timu pinzani angeweza kubaki na matumaini. Mji ulikwisha kujua.

Hapa nataka nisimame kidogo, kwa sababu kuna swali ambalo wanafunzi wa uandishi wa habari huniuliza kila mara: mtangazaji wa timu awe mshabiki, au awe mkweli?

Mpinzani mkubwa wa Lakers ni Boston Celtics, na Celtics walikuwa na Johnny Most, aliyewatangaza kuanzia 1953 hadi 1990. Most hakuficha kitu. Kwake Celtics walikuwa watu wema wanaoonewa, na wageni walikuwa wahuni. Sauti yake ilikwaruza kama mtu aliyekesha akipiga kelele. Aprili 1965, katika sekunde za mwisho za mchezo dhidi ya Philadelphia, John Havlicek wa Celtics aliupokonya mpira, na Most akapiga ukelele wa kurudiarudia kwamba Havlicek ameuiba. Ukelele ule ukaja kuuzwa katika sahani ya santuri. Celtics wakaenda fainali wakawafunga Lakers, kama walivyokuwa wamewafunga 1962 na 1963, na kama walivyokuja kuwafunga tena 1966, 1968 na 1969. Kwa watu wa Boston, ushindi huo una sauti ya Most ndani yake, na siwezi kusema walikosea kuipenda.

Hata hivyo namchagua Hearn, nami nina sababu. Alilipwa na Lakers, aliwapenda Lakers, lakini Laker akicheza vibaya alimsema hewani, jina lake kamili. Wachezaji wengine walinuna. Wake zao walikuwa nyumbani wakisikiliza. Lakini faida yake ni kwamba alipomsifu mtu, sifa ile ilikuwa na uzito. Fikirini miaka ile ya kushindwa na Celtics mara sita ndani ya miaka minane. Mji uliokuwa ukidanganywa kila usiku kwamba timu yake ni bora ungechoka ukazima redio. Mji ulioambiwa kweli ulibaki, na msimu wa 1971/72 timu iliposhinda mechi 33 mfululizo kisha ikatwaa ubingwa wake wa kwanza Los Angeles kwa kuwafunga New York Knicks, watu waliamini walichosikia.

Kuna jambo jingine ambalo makocha mtalipenda. Pembeni ya Hearn alikaa mchambuzi, na kazi ile ilihitaji subira, maana mzee hakuachia nafasi kubwa. Mwaka 1977 kiti hicho alipewa mchezaji mstaafu aitwaye Pat Riley. Kwa misimu miwili Riley alikaa juu kule akiutazama mchezo wote, akijifunza kuueleza kwa maneno machache yaliyobaki. Novemba 1979 kocha Jack McKinney aliumia vibaya kwa kuanguka na baiskeli; msaidizi wake Paul Westhead akashika timu, na akamwita Riley kutoka kwenye kipaza sauti awe msaidizi. Miaka miwili baadaye Westhead akafukuzwa, Riley akawa kocha mkuu, akatwaa ubingwa mwaka 1982, 1985, 1987 na 1988. Sidai kwamba kutangaza ndiko kulikompa ubingwa. Nasema kwamba mtu aliyelazimika kuueleza mchezo kila usiku kwa wasiouona amepita katika chuo ambacho makocha wengi hawakukipitia.

Mechi ya mwisho ya Hearn ilikuwa tarehe 12 Juni 2002, Lakers walipowamaliza New Jersey Nets na kuchukua ubingwa wa tatu mfululizo. Wiki chache baadaye alianguka nyumbani kwake, akafariki tarehe 5 Agosti akiwa na miaka 85. Kazi yake ikagawanywa: televisheni akapewa Paul Sunderland, redio Joel Meyers. Mwaka uliofuata Hearn aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mpira wa kikapu. Ndani ya ukumbi wa Lakers, kati ya jezi za mashujaa zilizotundikwa juu, ipo yenye picha ya kipaza sauti. Nje kuna sanamu yake akiwa mezani, na kiti kitupu kando yake ambapo shabiki yeyote anaweza kukaa.

Hoja ya tatu: kisichotangazwa hupotea

Hii ni fupi, lakini ndiyo iliyonifanya nikubali mwaliko.

Tarehe 2 Machi 1962, mjini Hershey, Pennsylvania, Wilt Chamberlain, ambaye miaka sita baadaye angejiunga na Lakers, alifunga pointi 100 katika mechi moja, Philadelphia Warriors dhidi ya Knicks. Hakuna aliyewahi kuifikia idadi hiyo. Hakukuwa na televisheni. Ukumbini walikuwemo watu 4,124. Bill Campbell aliitangaza redioni, na kilichosalia ni robo ya nne, kwa kuwa kulikuwa na msikilizaji mwenye kinasa sauti. Robo tatu za kwanza za usiku mkubwa kuliko wote katika mchezo huu ni takwimu kwenye karatasi, na picha ya Wilt ameshika kipande kilichoandikwa 100. Mpaka leo wapo wanaobisha kwamba haikutokea.

Tarehe 22 Januari 2006 Kobe Bryant wa Lakers aliwafunga Toronto pointi 81, zikiwemo 55 kipindi cha pili. Meyers alikuwa kwenye televisheni, mchambuzi Stu Lantz pembeni yake, na kila mrusho upo. Mtoto aliyezaliwa mwaka huu ataweza kuutazama na kusikia jinsi sauti za watangazaji zinavyobadilika wanapoanza kuelewa wanachokishuhudia. Kwa idadi, 100 ni nyingi kuliko 81. Katika kumbukumbu za watu, 81 inaishi zaidi.

Katikati ya miaka hiyo kuna usiku wa 16 Mei 1980. Kareem Abdul-Jabbar, mchezaji wa katikati wa Lakers, ameumia kifundo, amebaki Los Angeles. Magic Johnson, mwenye miaka 20, msimu wake wa kwanza, anachukua nafasi ya katikati huko Philadelphia, anafunga 42, Lakers wanakuwa mabingwa. Televisheni ya CBS iliichelewesha mechi hiyo hadi usiku wa manane katika sehemu kubwa ya Marekani. Aliyetaka kuwa shahidi kwa wakati ule ule alimtegemea mtu wa redio.

Hoja ya nne: anayemiliki sauti huamua nani asikie

Jack Kent Cooke aliinunua timu mwaka 1965 kwa zaidi kidogo ya dola milioni 5. Jerry Buss aliinunua mwaka 1979 pamoja na timu ya mpira wa magongo wa barafu, ukumbi wa Forum na shamba, vyote kwa dola milioni 67.5. Buss aliona mapema kwamba mali iko katika matangazo: mwaka 1985 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Prime Ticket, chaneli ya kulipia iliyoonyesha mechi za nyumbani, huku za ugenini zikiendelea kuonyeshwa bure kwenye chaneli ya 9. Mwaka 2011 ukaja mkataba wa miaka 20 na Time Warner Cable uliotajwa kuwa wa dola bilioni 3. Chaneli mbili zilianza mwaka 2012, moja ya Kiingereza na moja ya Kihispania, na mechi za chaneli ya 9 zikakoma. Wiki za mwanzo za msimu ule, wakazi wengi hawakuweza kuiona timu yao kwa sababu makampuni yalikuwa yakivutana juu ya bei. Ninyi mnaolipia ving'amuzi mnajua inavyokuwa.

Naona mambo mawili humo, na sitaki kulificha lolote. Mzee wa Los Angeles asiye na fedha alinyang'anywa alichokuwa nacho. Na mhamiaji kutoka Meksiko, kwa mara ya kwanza, alipata chaneli nzima ya timu yake kwa lugha ya mama yake. Juni 2025 ilitangazwa kwamba familia ya Buss imekubali kumuuzia Mark Walter sehemu kubwa ya umiliki, kwa hesabu inayoipa timu thamani ya takribani dola bilioni 10. Kutoka dola 15,000. Sehemu kubwa ya utajiri huo ni haki ya kutangaza.

Tukitazama mbele

Mwaka 2009 Hasheem Thabeet wa hapa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Mwaka 2011 Bismack Biyombo wa Lubumbashi alichaguliwa wa saba. Tangu Mei 2021 Kigali ni uwanja mkubwa wa ligi ya kikapu ya Afrika. Wachezaji tunao, viwanja vinakuja. Kazi iliyobaki kwetu watu wa kipaza sauti ni kubwa, na inaweza kuanza bila kumngoja mfadhili.

Napendekeza kwamba kila mechi ya ligi ya mkoa, za wanawake na za wanaume, iwe na mtangazaji wa Kiswahili anayerekodiwa, hata kwa simu, na rekodi iwekwe mahali pamoja ikiwa na tarehe, majina ya wachezaji na matokeo. Napendekeza wachezaji wastaafu wa vilabu vya Pazi, Vijana, Savio na JKT wakae kando ya wanafunzi wa utangazaji, kama Riley alivyokaa, ili kila upande umfundishe mwenzake. Na vyuo vianze mafunzo kwa redio tupu, bila picha. Atakayeweza kumwonyesha kipofu mechi nzima, televisheni haitamshinda.

Makocha wamekubali kutuachia uwanja wa Don Bosco, Upanga, Jumamosi asubuhi. Kutakuwa na mechi ya wasichana, robo nne za dakika kumi. Ninahitaji wanafunzi wanane, wawili kwa kila robo, mmoja atangaze na mwingine achambue. Jiandikisheni kwa katibu kabla hamjatoka humu. Sasa nasubiri maswali yenu.